Mafuta ya Kulilisha Bamba

Mkuu wa shule ameniomba niandike nusu ukurasa kuhusu namna ya kulitunza bamba la chapati. Ninyi wapishi wawili mnaochukua nafasi yangu, Rehema na Yustina, mmeshaliosha mara moja kwa sabuni ya unga, na kesho yake likawa jekundu kwa kutu. Nusu ukurasa imenishinda. Nimekaa nyumbani wiki tatu tangu nistaafu, mikono haina kazi, na nikianza kuandika juu ya bamba najikuta naandika mambo mengine. Basi someni yote. Cheo changu na mshahara wangu havimo humu, kwa sababu havikuwahi kunipa cha kusimulia.

Nianze kwa kusema kwamba mimi ni mwoga. Najua mlikuwa mkiniita mkali, nilisikia. Ukali ule ulikuwa woga tu. Naogopa moto, naogopa mvuke wa sufuria kubwa, naogopa kisu kilichowekwa ukingoni mwa meza, naogopa maharage yaliyolala. Mpishi wa watoto mia nne wa bweni asiyeogopa, mimi simwamini. Lakini kuna woga mwingine ambao haumsaidii mtu yeyote, na huo nitaufikia.

Nilitoka Maretadu nikiwa na mtoto mmoja, Daniel, na begi moja la nguo, nikashuka huku tambarare upande wa Balangdalalu kuomba kazi. Nilipokelewa jikoni na Mama Basilisa, mama mrefu wa Tumati ambaye macho yake yalikuwa yanatoa machozi muda wote kwa sababu ya moshi, hata akicheka. Bamba la wakati ule si hili mnalolitumia. Lile lilikatwa na fundi wa kuchomelea kutoka kwenye tela bovu la trekta, lililoachwa na watu wa mashamba ya ngano. Lilikuwa pana kama mlango wa choo, na chapati kumi na mbili zilikaa juu yake bila kugusana. Lilikaa hapo hapo lilipo hili, nje, nyuma ya jiko, juu ya matofali.

Jumapili yangu ya kwanza Mama Basilisa aliniachia nilisafishe, akaenda kanisani. Mimi nimelelewa na mama ambaye kwenye sufuria yake ungeweza kujitazama uso. Nikachukua steelwaya na sabuni, nikasugua ule weusi wote mpaka chuma kikawa cheupe. Nilijisikia vizuri sana. Nilidhani uchafu ule ulikuwa wa miaka na kwamba nimewaaibisha wapishi wote waliotangulia. Jumatatu asubuhi bamba lilikuwa limevaa kutu kutoka ukingo hadi ukingo.

Mama Basilisa alilitazama, mikono kiunoni.

"Nani alikufundisha kuosha hivi?"

"Mama yangu."

"Mama yako ni mtu mwema," akasema. "Mwache huko huko Maretadu."

Niliogopa kwamba nafukuzwa, nikaanza kulia. Akanipa gunzi la mahindi na mchanga, akaniambia kulia nitalia nikiwa nasugua. Siku ile ndiyo nilijifunza kazi, na nitawaeleza kama alivyonieleza.

Ule weusi si uchafu. Ni mafuta yaliyoshikana na chuma kwa moto, tabaka juu ya tabaka, na ndiyo yanayozuia unga usigande. Ukimaliza kupika, usingoje bamba lipoe kabisa. Likwangue likiwa bado na joto, kwa kile kikwangulio kilichokatwa kwenye springi ya lori. Mwaga chumvi ya mawe, ile inayoletwa kutoka ziwani kwa ajili ya ng'ombe, usugue kwa gunzi. Mkikosa chumvi tumieni majivu kidogo, lakini magadi msiguse, yanavua mafuta yote. Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, rudisha moto mdogo mpaka usione hata alama ya unyevu, kisha paka mafuta membamba sana. Sabuni hapana. Narudia, sabuni hapana.

Likipata kutu, unaanza upya. Mchanga na gunzi mpaka chuma kionekane, maji, kukausha motoni, halafu ndipo unalilisha. Unapaka mafuta bamba lote, kisha unachukua kitambaa kikavu unayafuta kana kwamba umekosea kuyapaka. Kinachobaki baada ya kufuta kinatosha. Unachochea moto mpaka moshi utoke na ukome wenyewe, unaacha lipoe, unapaka tena. Mara nne, mara tano. Litaanza na rangi ya chai ya rangi, mwishoni litakuwa jeusi na laini. Mwenye haraka hupaka mafuta mengi mara moja, na bamba lake hunata kama gundi, na chapati zake hutoka vipande vipande. Mimi nimefanya hivyo pia, kwa hiyo msinifiche mkifanya.

Mama Basilisa alitumia mafuta ya mkia wa kondoo. Aliyayeyusha mwenyewe kila shule ilipochinja, akayachuja kwa kitambaa, akayatunza stoo kwenye kopo lenye mfuniko. Hakutumia mafuta ya mtu mwingine. Nilipomuuliza sababu alisema tu kwamba hapendi kutia chakulani kitu asichokijua kilikotoka. Niliona ni maringo ya mzee.

Mwaka mmoja alikuja bwana wa ukaguzi kutoka wilayani, akaliona lile bamba jeusi, akasema jiko hili ni chafu na ataliandika. Mama Basilisa hakubishana naye. Aliwasha moto, akapasua yai juu ya bamba bila mafuta yoyote, likaiva, akaliinua kwa ncha ya kisu likateleza lenyewe hadi kwenye sahani. Yule bwana akala. Akaombwa aongeze, akaongeza. Sijui aliandika nini, ila hatukuandikiwa barua.

Macho ya Mama Basilisa yalipozidi kuharibika alirudi Tumati kwa watoto wake, nami nikabaki na funguo za stoo. Woga wangu ulikua tangu siku hiyo. Kabla yake nilikuwa namwogopa mtu mmoja, na sasa kila sahani iliyotoka ilikuwa juu yangu. Nilianza tabia ya kula mimi chapati ya kwanza kila ninapopika. Wenzangu walidhani nina njaa.

Sasa naingia kwenye jambo lenyewe.

Ilikuwa mwaka wa mahafali ambayo wakongwe wa shule bado wanayataja kwa sauti ya chini. Wiki ya sherehe, mafundi walikuja kujenga upya matofali ya jiko la nje. Wakalitoa bamba, wakaliegemeza kwenye simtanki linalovuja, wakaliacha pale. Nililikuta Jumatano likiwa na kutu nene, na mahafali yalikuwa Jumamosi. Nikakimbilia kopo la mafuta ya kondoo, nikakuta limebaki ukoko tu.

Mafuta ya alizeti yalikuwepo stoo, debe zima, na leo nawaambia kwamba alizeti ni bora kuliko kondoo kwa kazi hii. Lakini mimi nilifundishwa kondoo, na mwoga hapendi kubadilisha kitu siku tatu kabla ya sherehe. Nikavaa kanga, nikaenda kwa Mama Gidamis.

Mama Gidamis alikuwa rafiki yangu wa kisimani. Familia yao ni wafugaji, boma lao liko nusu saa kwa miguu kuelekea ziwani, na binti yake mdogo alikuwa anamaliza kidato cha nne kwetu. Wiki moja kabla, tukiwa kisimani, nilimlalamikia kuhusu ndama wangu, kwamba kupe wamejaa masikioni mpaka hanyonyi vizuri. Alisikitika, akajitwika ndoo yake, akaondoka. Mimi nikasahau kwamba nilimwambia.

Siku ile sikumkuta, alikuwa ameenda mnadani. Alikuwepo mkwe wake, mke wa Gidamis, msichana mpole ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibu, kaa."

Akanipa kigoda, akanipa maziwa, nikanywa. Tukaulizana habari za ng'ombe, za watoto, za mvua, mpaka ikafika wakati wa kusema kilichonileta.

"Nimekuja kuomba mafuta ya kondoo."

"Ndiyo," akasema. "Mama alisema utakuja."

Nilishangaa kidogo amejuaje. Nikajiambia labda amefikiria mambo ya mahafali. Sikuuliza. Msichana naye hakuniuliza mafuta ni ya nini, maana kumuuliza mama mzima anaomba kitu akafanyie nini ni kumnyima kwa maneno. Akaingia ndani, akarudi na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa ngozi, akanipa kwa mikono miwili. Nami nikakipokea kwa mikono miwili, na sikukifungua. Sisi huku hivyo ndivyo tulivyolelewa, wa mlimani na wa tambarare. Ukipewa mafuta hufungui kuyanusa mbele ya aliyekupa. Ukifanya hivyo umemwambia kwamba ni mtu wa kutoa vitu vilivyooza.

Nikaondoka nikiwa na furaha. Nitakumbuka furaha ile mpaka nakufa.

Alhamisi na Ijumaa nililisha bamba. Mwenzangu wa wakati ule, Sabina, alikuwa anachochea moto. Mafuta yalinuka kondoo, lakini chini ya harufu ya kondoo kulikuwa na harufu nyingine, kali, ya kupanda puani. Moshi ulipotoka Sabina alipiga chafya mfululizo.

"Kondoo huyu alikuwa anakula nini?" akauliza.

"Kondoo mzee," nikamjibu. Tukacheka, tukapaka tena.

Jumamosi asubuhi bamba lilikuwa zuri kuliko lilivyowahi kuwa. Jua limetoka, tumewasha moto, unga umekandwa. Nikachovya kitambaa kwenye kibuyu, nikapaka kama ilivyo desturi kabla ya chapati ya kwanza, nikapika, nikala yangu. Ilikuwa na uchungu kwa mbali. Nikadhani ni baking pauda ya maandazi ya Sabina iliyoingia kwenye unga. Kisha wakaja wasichana wa kwaya, thelathini na mmoja, wapewe chai mapema kwa sababu watasimama kuimba mpaka mchana. Kila mmoja akapata chapati moja. Nami kila baada ya chapati kumi na mbili nilikuwa napitisha kile kitambaa tena.

Wakati huo wageni walianza kufika, na Mama Gidamis akazunguka nyuma ya jiko kunisalimia. Alikuwa amependeza, shanga na bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akaniitikia. "Ndama wako amepona masikio?"

"Ndama?"

"Mafuta niliyomwambia mkwe akupe. Si ulikuja ukachukua? Nimeyachanganya mimi mwenyewe na dawa ya kupe. Ukimpaka mara mbili kupe wanadondoka."

Nikatazama kibuyu. Yeye akatazama nilikotazama, kisha akalitazama bamba. Aliweka mkono mdomoni.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule nikamwambia. Ndivyo nilivyoeleza siku ile, na ndivyo nilivyoeleza miaka yote.

Mkuu wa shule wa wakati ule alikuwa mama mmoja mfupi, mwepesi wa maamuzi. Alikuwa anapanga viti vya wageni. Alinivuta pembeni.

"Una uhakika ni dawa?"

"Sina. Inawezekana mkwe wa Mama Gidamis alinipa kibuyu kingine."

"Basi tufanye kama una uhakika."

Chapati zote zikamwagwa shimoni. Wasichana wa kwaya wakatolewa mazoezini, wakakalishwa kivulini chini ya ukuta wa bweni, matroni akawa anawatazama mmoja mmoja. Mzazi mmoja mwenye pikapu akaombwa awapeleke kituo cha afya kwa awamu. Mganga wa kituo alisema kwenye simu jambo moja tu ambalo alilihitaji kwetu: chupa ya dawa, ili ajue ni dawa gani. Chupa ilikuwa bomani kwa Mama Gidamis.

Tulipanda bodaboda watatu, dereva, mimi katikati, Mama Gidamis nyuma amenikumbatia kiunoni. Njia nzima mate yalikuwa yanajaa mdomoni mwangu, jasho linanitoka, mikono inatetemeka. Baadaye mganga aliniambia kwamba dalili za dawa ile ndizo hizo hizo. Mpaka leo sijui kiasi gani kilikuwa sumu na kiasi gani kilikuwa woga. Nilikuwa nahesabu vichwa vya wasichana akilini, thelathini na mmoja, nikikosa mmoja naanza upya. Mama Gidamis alikuwa anaomba kwa lugha yao, naye hakuwa mtu wa kanisani. Sikuelewa maneno, lakini niliomba pamoja naye.

Tulimkuta mkwe wake kwenye zizi.

"Ulimpa kipi?" Mama Gidamis akamuuliza kabla pikipiki haijazimwa. "Kikubwa au kidogo?"

"Kidogo. Cha ndama."

Nilikuwa nimebakiza tumaini kwamba chenye dawa ni kile kikubwa. Nilikaa chini pale pale kwenye samadi. Mama Gidamis akaingia ndani, akachomoa chupa iliyochomekwa kwenye paa, karatasi yake imechanika nusu lakini jina la dawa linasomeka. Msichana alikuwa ameanza kuelewa, na uso wake ulibadilika.

"Mama, nilidhani ni ya ndama. Sikuuliza."

"Hata mimi sikuuliza," nikamwambia.

Kituo cha afya kilikuwa kimejaa sare za kwaya. Saba walikuwa wanatapika. Wengine walikuwa wamekaa kwenye benchi wanalia kwa sababu wenzao wanalia. Mganga alisoma ile chupa, akapiga simu hospitali, akaanza kuwamulika macho kwa tochi. Aliyekuwa na hali mbaya alikuwa Emiliana, kidato cha pili, mwimbaji wao wa kuongoza. Alilala ubavu, mate yanamtoka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama mbegu za mchicha. Alikuwa anavuta pumzi kwa kelele. Nilimshika mguu kwa sababu sehemu nyingine zote zilikuwa na mikono ya watu. Ulikuwa baridi na umelowa.

Gari la wagonjwa likampeleka hospitali. Wale wengine walipewa dawa, wakalazwa mpaka kesho yake, wakapona wote. Mganga alisema moto ulipunguza makali, na mafuta yale ya kupitisha kila baada ya chapati kumi na mbili ndiyo yaliyowadhuru. Emiliana alikaa hospitali siku nne. Siku mbili za kwanza hakuna aliyeniambia kwamba atapona. Nilikaa kwenye benchi la nje, na kila nesi alipofungua mlango nilisimama nikidhani anakuja kuniambia amekufa. Sijawahi kuogopa vile, wala sitarajii kuogopa tena namna ile. Baba yake alikuja kutoka Tumati. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mkono, akanishukuru kwa kusema mapema.

Madaktari walijiuliza kwa nini yeye alidhurika kuliko wenzake, wakati wote walikula chapati moja moja. Wakasema pengine ni kwa sababu ana mwili mdogo. Nikatikisa kichwa kukubali.

Bamba lile tulilizika. Shimo lilichimbwa mbali na kisima, kina cha kiuno, na nililishikilia upande mmoja mwenyewe wakati wa kulishusha. Hili mnalolitumia lililetwa mwaka uliofuata, na halijawahi kuguswa na mafuta ya kondoo. Ni alizeti tu, ile ya kukamuliwa mashineni, iliyotuama siku mbili na kuchujwa. Inashika chuma vizuri na haigandi wakati wa baridi. Yale maandishi ya mkaa pale ukutani, yasemayo kila kopo liandikwe jina na tarehe, ni yangu. Msiyafute mkipaka chokaa.

Mama Gidamis tumebaki marafiki, ila tumekuwa watu wa ajabu. Siku hizi nikimwomba hata kiberiti ananiuliza cha nini, nami nikipewa maziwa nanusa mbele yake, na yeye ananingoja nimalize kunusa. Mkwe wake akituona hivyo huondoka. Watu wanadhani tumegombana. Rehema, Yustina, nawaomba muwe hivyo hivyo. Mkipewa kitu cha kuingia jikoni, fungueni pale pale, nuseni, ulizeni kilichanganywa na nini. Mkionekana hamkulelewa vizuri, acheni muonekane hivyo.

Hapa nilitaka kumaliza. Barua ingekuwa nzuri, na mngenikumbuka vizuri.

Lakini siku mliyoniaga mlikuwepo, mlimwona Emiliana. Ni nesi sasa, anafanya kazi zahanati moja huko juu Mbulu, alikuja na mtoto mgongoni. Alisimama mbele ya walimu na wanafunzi akasema: "Mama Daniel angeweza kunyamaza. Sherehe ilikuwa kubwa, wageni wamefika, kazi yake ilikuwa hatarini. Lakini alivyosikia tu, alisema pale pale. Mimi niko hai kwa sababu ya mama huyu." Mkapiga makofi. Wengine mlilia. Nami nikasema asante mwanangu, nikakata keki.

Sikusema pale pale. Mama Gidamis alipoweka mkono mdomoni, nilikuwa na chapati juu ya bamba, na nilikuwa nimetoka kupitisha kitambaa cha mafuta muda ule ule. Nikaona wageni wanashuka kwenye magari. Nikawaza nikisema, mahafali yamekwisha na mimi nitaitwa mama wa sumu mpaka kaburini. Nikawaza labda ni kibuyu kingine. Nikawaza labda moto umeua dawa. Mkono wangu ukageuza ile chapati.

Ndipo Emiliana akaja anakimbia kutoka kwenye mazoezi, amenyoosha mikono yote miwili.

"Mama, naomba nyingine. Nitaimba peke yangu, nitaishiwa nguvu."

Nilikuwa naogopa kumwambia hapana, kwa sababu angeuliza kwa nini. Nikaitoa pale bambani, nikampa mkononi. Mama Gidamis aliona, hakujua aseme nini kwa mtoto wa watu jikoni kwangu. Emiliana alikula amesimama, akiipulizia kwa jinsi ilivyokuwa ya moto, akajifuta vidole kwenye sketi, akasema asante mama, akakimbia. Nikageuza mbili nyingine. Baada ya hapo ndipo nilipokwenda kwa mkuu wa shule.

Wenzake walikula moja kabla sijajua. Yeye alikula ya pili nikiwa najua.

Mama Gidamis hajawahi kulitaja, hata tukiwa wawili tu. Na Emiliana hakumbuki ile ya pili, aliniambia mwenyewe hospitali kwamba asubuhi ile yote imefutika kichwani mwake. Mungu anisamehe, nilishukuru.

Kurasa hizi sikuwapa ninyi kwanza. Jana nilizipiga picha zote, moja baada ya nyingine, nikamtumia yeye kwenye simu. Leo asubuhi alama zimegeuka bluu, kwa hiyo amesoma. Mpaka sasa ni saa tisa mchana na hajaandika neno, na simu iko mezani mbele yangu, naiogopa kuliko nilivyoogopa ule mlango wa hospitali.